Mbwa na paka kwenye chumba cha oksijeni: maswali yenu

Mwezi huu tumeweka pamoja barua zinazouliza habari ya tiba ya oksijeni kwa mgandamizo mkubwa. Mnyama huingizwa kwenye chumba cha chuma au plastiki ngumu, mlango ukafungwa, hewa ya kawaida ikafukuzwa kwa oksijeni tupu, kisha mgandamizo ukapandishwa. Kliniki nyingi za wanyama zenye vyumba hivyo ziko Marekani, ndiyo maana barua kadhaa zimetoka kwa wasomaji wa huko au zimechochewa na ndugu walio huko. Barua tumezifupisha.

Mbwa wangu aligongwa na pikipiki, ngozi ya mguu wa nyuma ikachunika kuanzia gotini kwenda chini. Binamu yangu aliyeko Florida anasema kwao mbwa kama huyu huwekwa kwenye "tangi la oksijeni". Je, si sawa na ile oksijeni ya barakoa aliyopewa siku ya ajali? (Msomaji, Tegeta)

Pole kwa ajali. Si sawa, na kinachotofautisha ni mgandamizo. Mbwa mwenye mapafu mazima, akivuta hewa hii hii ya kawaida, seli nyekundu za damu yake zimeshajaa oksijeni kwa asilimia 97 hivi. Barakoa haiziongezei kitu cha maana. Nafasi iliyobaki ni kwenye majimaji ya damu, na majimaji huyeyusha gesi kadiri gesi yenyewe inavyosukumwa. Kwa hewa ya kawaida, mililita 100 za damu hubeba takriban mililita 0.3 za oksijeni iliyoyeyuka. Ukitoa oksijeni tupu bila kuongeza mgandamizo, zinafika kama 2. Chumba kikipandishwa hadi angahewa 2, yaani mara mbili ya mgandamizo wa usawa wa bahari, zinakuwa 4 na ushei. Kwa angahewa 3 zinapita 6. Mwaka 1960 daktari mpasuaji wa Amsterdam, Ite Boerema, aliwatoa nguruwe karibu seli zote nyekundu, akawaweka kwenye angahewa 3, nao wakaishi kwa oksijeni iliyoyeyuka tu.

Kwenye kidonda ambacho mishipa yake imepondeka, oksijeni hiyo hupenya mbali zaidi kutoka kwenye mishipa michache iliyosalimika, huzisaidia seli nyeupe kuua bakteria, huwabana bakteria wasioishi penye oksijeni, na hupunguza uvimbe. Mishipa mipya nayo huota taratibu kwa siku kadhaa, kwa hiyo kikao kimoja hakitoshi.

Lakini chumba hakifufui nyama iliyokwisha kufa, na mguu kama wa mbwa wako huponea kwenye meza ya bandeji. Huko Florida kwenyewe kazi huanzia hapo. Chemsha lita 1 ya maji, tia gramu 9 za chumvi (kijiko kimoja na nusu cha chai, kilichofutwa juu), acha yapoe. Osha kidonda kwa bomba la sindano la mililita 20 lenye sindano namba 18, maana msukumo wake unatosha kung'oa mchanga bila kuusukumia ndani ya nyama. Daktari akate nyama iliyokufa mbwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, na asishangae mtu akiirudia kazi hiyo siku ya pili na ya tatu, kwa sababu mpaka kati ya nyama hai na mfu huchelewa kujionyesha. Juu yake paka asali safi, weka gozi (shashi ya kufunikia vidonda), kisha bandeji. Badilisha kila siku mwanzoni; nyama nyekundu yenye vipunje ikishatanda, kila baada ya siku 2 au 3.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi zikimiminwa kila siku huua hata seli mpya zinazoota, na ndiyo sababu vidonda vingi vya nyumbani "vinagoma". Kosa lingine ni bandeji iliyokazwa. Acha vidole viwili vya kati vionekane nje, uvitazame asubuhi na jioni. Vikivimba hadi kucha zikaachana, au vikiwa baridi, fungua bandeji hapo hapo.

Paka wetu alihamishiwa ngozi kufunika kidonda cha ubavuni, na sasa pembeni imeanza kuwa ya bluu. Daktari ameandika vikao sita vya chumba cha oksijeni kuanzia kesho. Tumwandaeje, na huko ndani kunafanyika nini? (Msomaji, Houston)

Daktari wenu ameona mapema, na hilo lina thamani kubwa. Ngozi iliyohamishwa ikiwa ya bluu bado ina uhai, ila damu inaingia bila kutoka vizuri. Ikishakuwa nyeusi na ngumu, chumba hakina tena cha kuokoa. Msisogeze miadi ya kesho.

Maandalizi yote yanahusu moto. Ndani ya oksijeni tupu, kitu ambacho nje kingefuka moshi tu huwaka kwa kishindo. Msimpake dawa ya viroboto ya matone, na kama alipakwa karibuni mtaje tarehe, kwa sababu vimiminika vyake vingi hushika moto. Vaselini na malhamu zenye mafuta zitolewe, bandeji iliyoloa mafuta ibadilishwe. Vueni kola, kengele na nguo. Kama ana plasta ya dawa ya maumivu kwenye ngozi, semeni. Chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi haina shida. Blanketi lake la nyumbani libaki nyumbani hata kama analipenda, kwani nailoni na polista huzalisha umemetuli, yaani umeme wa msuguano unaoweza kutoa cheche. Humo ndani huingia pamba tupu.

Mlisheni nusu ya chakula saa tatu au nne kabla, asije akatapika. Kama ana kisukari, asiingie akiwa amechomwa insulini bila kula. Sukari hushuka wakati wa kikao, hivyo ipimwe kabla na baada.

Akifika atapimwa joto, atasikilizwa mapafu na kuangaliwa masikio. Kwa mnyama aliyegongwa, aliyeanguka au aliyeumwa kifuani, eksirei ya kifua ni lazima. Hewa iliyovuja kutoka kwenye pafu ikakaa kifuani hupungua chumba kinapopanda, kisha hutanuka kinaposhuka, na inaweza kulibana pafu na moyo hadi akafa mlangoni. Hewa hiyo kifuani ndiyo kizuizi kisicho na mjadala.

Kisha manyoya na mashuka ya pamba hunyunyiziwa maji kidogo ili umemetuli usijikusanye, mlango hufungwa na oksijeni huanza kuosha chumba. Inahitajika kama mara tatu ya ujazo wa chumba kuifikisha kwenye asilimia 95. Ndipo mgandamizo unapopanda, polepole, takriban angahewa 0.07 kwa dakika, kwa hiyo kufika angahewa 2 ni robo saa. Atakaa juu dakika 45 hadi 60, pengine zaidi kidogo, na kushuka ni dakika 10 hadi 15. Gesi ikigandamizwa hupata joto, atahema kidogo. Ikitanuka hupoa, na mtaona ukungu kwenye kioo. Huo si moshi.

Mhudumu asiondoke kwenye dirisha hata mara moja. Mkimwona anaondoka kwenda kujibu simu, hilo ni jambo la kuuliza.

Mbwa wangu alitikisa kichwa na kulialia dakika za mwanzo, mhudumu akateremsha kidogo kisha akaendelea. Kikao kiliharibika? Na ni kweli wengine hupata degedege humo ndani? (Msomaji, Toronto)

Hakikuharibika, mhudumu alifanya inavyotakiwa. Hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio lazima ilingane na ya nje kupitia mrija mwembamba unaofunguka kooni. Chumba kikipanda haraka kuliko mrija unavyofunguka, kiwambo huvutwa ndani na kuuma. Dalili ni kutikisa kichwa, kukuna sikio kwa mguu na kumezameza mate. Dawa yake ni kusimama, kushuka kidogo, kungoja ameze, na kupanda tena taratibu zaidi. Mnyama mwenye mafua au sikio lenye usaha atibiwe hayo kwanza.

Degedege hutokea, ingawa si mara nyingi. Mfaransa Paul Bert aliandika mwaka 1878 kwamba oksijeni yenye mgandamizo mkubwa ni sumu kwa ubongo, na hatari huongezeka kadiri angahewa na dakika zinavyoongezeka. Ndiyo maana kliniki za wanyama hukaa zaidi kati ya angahewa 1.5 na 2.5. Homa na historia ya kifafa huongeza hatari. Dalili za kutangulia ni midomo kuchezacheza, macho kukodoa, na kutotulia kwa ghafla mnyama aliyekuwa amelala.

Hapa ndipo mhudumu asiyefundishwa anapoua mgonjwa. Silika yake itamtuma ashushe chumba upesi. Mnyama aliyekakamaa anaweza kuwa amefunga koo, na hewa iliyo mapafuni ikitanuka bila njia ya kutokea hupasua pafu. Kwa hiyo mgandamizo huachwa ulipo mpaka aanze kupumua, na kama chumba kina njia ya hewa ya kawaida oksijeni hubadilishwa. Kushuka ni baada ya hapo. Mlango nao haufunguki kwa haraka hata ukitaka: wenye kipenyo cha sentimita 60, chumba kikiwa kwenye angahewa 2, husukumwa kwa uzito wa karibu tani 3. Hivyo mgonjwa ambaye moyo wake unaweza kusimama wakati wowote hatakiwi kuwa humo. Atulizwe kwanza nje, penye mikono ya watu.

Ninafuga paka wa kuuza. Nimeona mtandaoni mfuko laini wa mgandamizo, "angahewa 1.3", unakuja na kompresa na mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita 10 kwa dakika. Bei inavumilika. Ninunue? (Msomaji, Kiambu)

Usinunue. Fanya hesabu pamoja nasi.

Hewa ina oksijeni asilimia 21. Ukiigandamiza hadi angahewa 1.3, ni sawa na kuvuta oksijeni asilimia 27 ukiwa pwani. Lakini wewe uko Kiambu, ambako mgandamizo wa hewa ni takriban angahewa 0.82 tu. Geji ya mfuko husoma sifuri mahali ulipo, si ufukweni. Ile 0.3 inayoongezwa hukufikisha kwenye 1.12, na 1.12 mara 21 ni karibu 24. Paka wako atapata kilekile anachokipata paka wa Mombasa bure, na nyongeza ya asilimia mbili au tatu. Kizimba cha oksijeni cha kliniki, kile sanduku lenye kioo, kikishikilia asilimia 40 hapo hapo Kiambu kinampa kama 33. Hakina mgandamizo wowote, lakini kimeushinda mfuko.

Tuangalie na ile mashine. Mfuko wenye ujazo wa lita 1,000, mashine ikitoa lita 10 kwa dakika, huhitaji dakika 100 kujazwa mara moja tu, na wakati wote huo kompresa inaingiza hewa ya kawaida ndani na kuchanganya. Binadamu angevaa barakoa. Paka ataing'oa. Linganisha na chumba kigumu cha ujazo huo huo: lita 3,000 za kukiosha, 1,000 za kukipandisha hadi angahewa 2, kisha tuseme lita 50 kila dakika kwa saa nzima ili kutoa hewa ukaa na joto. Jumla ni lita 7,000, mtungi mkubwa mmoja wa hospitali kwa kikao kimoja. Anayetangaza tiba hii kwa bei ya kukodi mashine ya kuzalisha oksijeni anakuuzia kitu kingine.

Mifuko hii ina kazi yake halali. Wapanda milima hubebewa mifuko ya aina hiyo, hata Kilimanjaro: mtu aliyezidiwa na kimo huongezewa kama angahewa 0.14 kwa saa moja au mbili, akili ikamrudia, akateremshwa. Marekani, mamlaka ya dawa FDA iliruhusu mifuko laini kwa ugonjwa huo wa milimani. Kwa vifaa vya wanyama, FDA haidai kibali kabla ya kuuzwa, kwa hiyo neno "imeidhinishwa" kwenye tangazo la mfuko wa paka halikuhakikishii chochote. Tena fikiria umeme ukikatika: kompresa inazima, zipu imefungwa, paka wawili wanapumua hewa yao wenyewe nawe uko sokoni.

Mbwa wangu anaogopa kuwa peke yake. Siwezi kuingia naye? (Msomaji, Minneapolis)

Huwezi. Kanuni za Marekani za NFPA 99, zinazohusu usalama wa moto kwenye vituo vya afya, zinavigawa vyumba hivi katika madaraja: A ni vya watu wengi, B vya mtu mmoja, C vya wanyama, na daraja C haliruhusu binadamu ndani. Februari 2012, karibu na Ocala, Florida, farasi aliyekuwa na viatu vya chuma alirusha mateke akiwa ndani ya chumba cha oksijeni. Cheche zikatoka, chumba kikalipuka, na mfanyakazi aliyekuwa nje akafa pamoja na farasi. Mbwa mwenye hofu apewe dawa ya kutuliza, na wewe ukae mbele ya dirisha anapoweza kukuona. Wengi hulala baada ya dakika chache.

Moma amemuuma mbwa wangu usoni, amevimba hadi jicho limefumba. Chumba hiki kinasaidia? (Msomaji, Voi)

Hakiondoi sumu. Kinachoondoa sumu ni dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, mapema iwezekanavyo, pamoja na dripu na dawa ya maumivu. Mvue kola sasa hivi kabla shingo haijavimba, mbebe asitembee, usichanje wala usifunge kamba. Oksijeni ya chumba imejaribiwa kwa nyama inayooza baada ya kuumwa na nyoka, lakini ushahidi ni mwembamba, na usimcheleweshee mbwa dawa ya sumu kwa ajili yake.

Tuliacha jiko la mkaa chumbani usiku wa mvua. Sisi tulipata maumivu ya kichwa, paka tulimkuta amelegea. Kipimo cha kubana ulimi kilionyesha oksijeni 98, tukarudishwa nyumbani. Bado anayumba. (Msomaji, Mwanza)

Mrudisheni leo, na ninyi mkapimwe. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, hukaa kwenye seli nyekundu mahali pa oksijeni, na kipimo kile cha kubana ulimi, kinachotumia mwanga, hakiwezi kuzitofautisha gesi hizo mbili: huona wekundu, husoma 98. Kuamini kwamba paka ni mzima kwa namba hiyo ni kosa linalojulikana. Kwa binadamu, nusu ya sumu hii hutoka baada ya saa 5 hivi kwa hewa ya kawaida, dakika 60 hadi 90 kwa oksijeni tupu, na dakika 23 kwenye angahewa 3. Chumba kingefaa kweli hapa kama kingekuwa jirani. Kwa kuwa hakipo, barakoa au kizimba cha oksijeni kinafanya sehemu kubwa ya kazi, mradi kianze saa ile ile. Kuyumba kunaweza kuendelea au kurudi siku kadhaa baadaye, hivyo msimruhusu kupanda juu ya makabati.

Paka wangu ana saratani na anapigwa doksorubisini. Kuna kliniki imeniambia oksijeni itaua uvimbe, itamrudishia figo na kumpunguzia uzee. (Msomaji, Muscat)

Kwa doksorubisini, jibu ni hapana mpaka daktari wa saratani aseme: dawa hiyo ikikutana na oksijeni ya mgandamizo inahofiwa kuudhuru moyo zaidi. Bleomisini, dawa nyingine ya saratani, huhatarisha mapafu, na sisplatini, ya tatu, nayo iko kwenye orodha ya tahadhari. Uvimbe wa saratani haufi kwa chumba hiki. Pale inapotumika kwa wagonjwa wa saratani ni kutibu nyama iliyoharibiwa na mionzi, jambo tofauti kabisa. Figo na uzee ni maneno ya biashara. Tafiti zenye kundi la kulinganisha kwa mbwa na paka ni chache. Mengi yanayosemwa yameazimwa kutoka kwa binadamu na wanyama wa maabara. Kliniki makini itakutajia ugonjwa mmoja, idadi ya vikao, na siku ambayo itaacha kama hakuna mabadiliko. Ikikupa orodha ya magonjwa ishirini, ondoka na paka wako.

Hapa kwetu kuna chumba cha kutibu wapiga mbizi. Paka wangu ameungua maji ya moto mgongoni. Siwezi kuwaomba? (Msomaji, Unguja)

Hapana. Chumba cha watu wengi hujazwa hewa ya kawaida iliyogandamizwa, na oksijeni mgonjwa huivuta kwa barakoa. Paka hatavaa, atavuta hewa tu, na kwa angahewa 2 hiyo ni sawa na oksijeni asilimia 42 pamoja na naitrojeni inayojipenyeza mwilini. Na mpiga mbizi aliyepooza akiletwa dakika ile, nani atatolewa?

Kwa jeraha la sasa: maji ya bomba yanayotiririka juu ya mgongo kwa dakika 20, yasiwe na barafu, huku sehemu nyingine za mwili zimefunikwa asipate baridi. Usipake mafuta, dawa ya meno wala unga. Funika kwa kitambaa safi cha pamba kilicholoa na umpeleke kwa daktari. Manyoya huficha ukubwa wa jeraha, na ngozi iliyoonekana nzima leo inaweza kubanduka baada ya siku tatu au nne, hivyo omba anyolewe eneo lote na umrudishe kuangaliwa hata kama anakula vizuri.